Saa Tisa Alasiri Bariadi

Mwishoni mwa Oktoba, Bariadi ina mchana mmoja unaojirudia. Asubuhi anga ni jeupe. Kufikia saa sita bati zinalia kwa joto, ng'ombe wamejibanza chini ya mgunga wowote wenye kivuli, na udongo mweusi wa mbugani umepasuka nyufa zinazomeza mkono mzima. Saa nane hakuna jani linalotikisika. Watoto wanalala barazani, wamechoka bila kufanya kazi. Halafu upande wa mashariki, juu ya Serengeti, kijiwingu cheupe kinachomoza kama uyoga. Kinavimba, kinapanda, kinazaa vingine pembeni yake, na saa tisa kimeshakuwa mlima wenye tumbo jeusi.

Wasukuma wana majina yao ya pande nne za dunia: sukuma ni kaskazini, dakama kusini, ng'weli magharibi na kiya mashariki. Watu wa Bariadi na majirani zao ndio wa Kiya. Wazee wao walijua tangu zamani kwamba mvua yenye fujo hupikwa upande huo huo wa jina lao, na kwamba hupikwa alasiri. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwa nini iwe alasiri, na ile dhoruba ikishawapita inaelekea wapi. Majibu hayo sasa yapo, na nadhani hayajafika majumbani kwa kiasi yanachostahili.

Huku kwetu kiangazi chenyewe ndicho mwanzo wa hatari. Joto linapanda Septemba na Oktoba, ardhi inakauka kabisa, halafu vuli inaingia kwa kishindo. Mkulima wa pamba anaitazama mbingu kwa hamu maana kuanzia katikati ya Novemba anataka mbegu iwe ardhini. Wingu analoliombea ndilo linaloweza kumng'olea paa. Anapaswa kulipenda na kujiandaa dhidi yake kwa wakati mmoja.

Chukua sufuria tupu na ndoo ya maji, uviweke juani pamoja. Baada ya saa moja sufuria inaunguza vidole, maji yamepata uvuguvugu tu. Usiku mambo yanageuka: sufuria inapoa upesi, maji yanatunza joto lake. Sasa ikuze ndoo hiyo iwe Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sufuria iwe mbuga zote za Simiyu, Mara na Shinyanga. Mchana ardhi inachemka, hewa iliyo juu yake inapanda, na hewa ya ziwani iliyo baridi kidogo na yenye unyevu inavutwa kuja kujaza nafasi. Upepo huo wa ziwa unaweza kupenya makumi ya kilomita bara. Kutoka Lamadi, pale wilaya ya Busega inapogusa Ghuba ya Speke, hadi Bariadi mjini ni kama kilomita 70 kwa barabara.

Upepo huo ungepita kimya kama usingekutana na mwingine. Lakini upande wetu wa ziwa pepo za kawaida zinatoka mashariki. Pepo mbili zinakabiliana uso kwa uso juu ya nchi iliyochomwa na jua tangu asubuhi. Hewa ikibanwa pande mbili na ardhi ipo chini, haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, unyevu unageuka matone, na kila tone linaloundwa linatoa joto dogo linaloisukuma hewa ipande zaidi. Wingu linajilisha lenyewe. Katika nchi za ikweta linaweza kupanda kilomita 16 au 17 hadi ligonge dari ya tabaka la chini la angahewa, likose njia, na kutandaza kichwa bapa kama fuawe la mhunzi. Ukiona wingu lenye kichwa cha namna hiyo, kazi ya kuanua nguo ilipaswa kuwa imekwisha.

Mawingu machache yenye nguvu kupita kiasi yanaitoboa dari hiyo na kuchomoza nundu juu ya fuawe. Ukiwa ardhini ni vigumu kuiona nundu hiyo, lakini setilaiti ya Meteosat, inayoipiga Afrika picha kila baada ya dakika 15, inaiona vizuri. Hapo ndipo ugunduzi ulipoanzia. Mtafiti Wim Thiery, wakati huo wa chuo kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji, pamoja na wenzake, walizihesabu nundu hizo katika picha za kuanzia 2005 hadi 2013 juu ya ziwa na juu ya nchi inayolizunguka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications. Nchi kavu, dhoruba kali zinajaa alasiri na mapema jioni. Juu ya ziwa zinajaa usiku kuelekea alfajiri. Na siku ambazo nchi kavu ilipata dhoruba nyingi mchana, usiku wake ziwa lilikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Ukishalijua hilo, usiku unaeleweka. Jua likizama ardhi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, na upepo unageuka: kutoka Kenya, Uganda na Tanzania hewa ya nchi kavu inateremka kuelekea majini kutoka pande zote. Inakutania katikati, inabanwa, inapanda. Kama mchana kulikuwa na dhoruba huku kwetu, hewa baridi iliyomwagwa na mawingu yale inauongezea nguvu upepo huo wa usiku, na unyevu uliobaki angani unakuwa kuni za ziada. Kwa hiyo mvua iliyopiga Bariadi saa kumi jioni haijaisha kazi. Sehemu ya nguvu zake iko njiani kwenda ng'weli, kwa watu wa majini.

Na watu wa majini wapo kazini saa hizo hizo. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, na tena katika giza, yaani siku ambazo mwezi haupo angani, kwa sababu mbalamwezi huipunguzia taa mvuto. Saa ambazo dagaa wanapanda kuifuata taa ndizo saa ambazo mawingu yanakusanyika juu ya mtumbwi. Makadirio ya wanaokufa ziwani kila mwaka katika nchi zote tatu yanatofautiana, kuanzia watu 1,000 hadi 5,000, na dhoruba za usiku zinahesabiwa miongoni mwa sababu kubwa. Familia nyingi za Simiyu zina mguu mmoja shambani na mwingine ziwani: kaka analima Itilima, mdogo wake anavua Lamadi. Mwaka 2017 kundi la Thiery lilionyesha kwamba dhoruba za mchana zinaweza kutumika kutoa tahadhari ya usiku saa kadhaa kabla. Si ahadi kwamba lazima ziwa litachafuka. Ni uwezekano uliopanda, na saa za kujiandaa.

Kuna habari nzito zaidi katika utafiti wa 2016. Gesi zinazoipasha dunia joto zikiendelea kutolewa kwa wingi mkubwa, dhoruba za kupindukia juu ya ziwa, zile zinazotokea kama mara moja katika miaka 15, zinaweza kutokea karibu kila mwaka ifikapo mwisho wa karne hii. Mtoto anayeanza darasa la kwanza Bariadi leo atakuwa mzee akiishi ndani ya hesabu hiyo.

Lakini turudi nyumbani, saa tisa, wingu likiwa juu ya Kiya.

Kabla ya mvua kunakuja upepo wa baridi wa ghafla, wenye vumbi na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Kila mtu wa Bariadi anaujua. Chini ya wingu mvua inayoanguka inapitia hewa kavu, sehemu yake inageuka kuwa mvuke, na kugeuka huko kunaipoza hewa kama jasho linavyopoza ngozi. Hewa baridi ni nzito. Inaporomoka kutoka juu, inagonga ardhi na kutawanyika pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Huo ndio upepo unaobamiza milango. Mbugani, ambako mashamba ya pamba yametambaa tambarare bila kilima, hakuna cha kuupunguza kasi. Ukikufikia usoni mvua imebakiza dakika chache tu, kwa hiyo huo si wakati wa kutafuta ngazi na misumari.

Paa linahitaji kufikiriwa Septemba. Wengi tunadhani upepo unalisukuma bati kutoka pembeni. Kumbe zaidi unalivuta kwenda juu, kwa sababu hewa inayokimbia juu ya paa inapunguza mkandamizo upande wa juu wakati hewa iliyotulia chini yake inasukuma. Bati la futi 10 lina uzito wa kilo tano au sita. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kulivuta juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Misumari yenyewe ya bati mara nyingi inashika vizuri. Kinachoachia ni pale papi zilipopigiliwa kwenye kenchi kwa msumari mmoja, au kenchi zilipowekwa juu ya ukuta bila kufungwa na chochote. Hapo paa zima linaondoka kwa mkupuo, bati na mbao pamoja. Waya mzito au kipande cha nondo kilichozamishwa ndani ya ukuta kozi kadhaa chini, kikapanda na kuizunguka kenchi, ni gharama ndogo sana ukilinganisha na bando moja la bati. Mwombe fundi akuonyeshe kenchi imefungwa wapi kabla hajapanda kupiga bati. Akishapiga hutaona tena.

Mawe juu ya paa ni jambo ninaloliogopa zaidi. Watu wanayaweka kwa nia njema kulikandamiza bati. Jiwe la kilo kumi halilishindi lile vuto la kilo 100, na bati likiinuka jiwe linaanguka mahali fulani, mara nyingi ndani, walipo watu. Sehemu nyingine inayosahauliwa ni baraza. Paa lake limeachwa wazi chini, upepo unaingia na kulisukuma kutoka chini huku mwingine ukilivuta kutoka juu. Kama nguzo zake hazikufungwa vizuri, baraza linakuwa mpini wa kuling'olea paa la nyumba yote.

Kuta ndizo zinazoua wengi. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, katika kata ya Mwakata wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, mkoa ambao Bariadi nayo ilikuwa sehemu yake hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, mvua ya mawe na upepo iliua watu zaidi ya 40. Wengi waliangukiwa na nyumba zao za matofali ya udongo. Tofali lisilochomwa ni imara likiwa kavu. Likilowa linarudi kuwa tope, na linaanzia chini, kozi mbili tatu za kwanza, pale matone ya paani yanapodunda na kurukia ukutani usiku kucha. Ukuta unaweza kuonekana mzima kwa juu ilhali miguu yake imekwisha kuyeyuka. Msingi wa mawe unaopanda juu ya usawa wa ardhi, lipu ya saruji kwenye kimo cha goti, na mfereji wa kuyatoa maji uani vinaongeza maisha ya nyumba ya udongo kwa miaka. Paa lililochomoza mbele linasaidia pia, mradi limefungwa, maana kadiri linavyochomoza ndivyo upepo unavyopata pa kushika. Na kama ukuta umeanza kuota ufa mpya uliolala kwa mshazari baada ya mvua ya siku mbili, hamishia watoto nyumba nyingine usiku huo huo.

Wageni hushangaa kusikia barafu, kama ile ya Mwakata, inaanguka karibu na ikweta. Lakini eneo letu liko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na wingu refu lina barafu tumboni hata Oktoba. Tone linapandishwa na hewa, linaganda, linaanguka kidogo, linapandishwa tena na kuvikwa ganda jingine la maji yanayoganda. Likishakuwa zito kuliko hewa inavyoweza kulibeba, linatuangukia. Ukilipasua jiwe kubwa la barafu unaona matabaka yake kama ya kitunguu.

Nchini Kenya, eneo la chai la Kericho na milima ya Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwanasayansi Russell Schnell, aliyekuwa amegundua kwamba majani yanayooza yana bakteria wenye uwezo wa kuyagandisha maji mapema kuliko kawaida, alikwenda kulichunguza suala hilo, na mwaka 1982 akaandika na mwenzake kwamba takataka za majani ya chai ya Kenya ni chanzo cha mbegu za barafu. Maji safi sana angani yanaweza kukataa kuganda hata yakiwa chini ya nyuzi sifuri kwa mbali, mpaka yapate chembe ya kushikilia. Kipande cha jani lililooza, kilichokanyagwa na wachumaji na kupeperushwa na upepo, kinaweza kuwa chembe hiyo. Kila ninapoona vumbi la Bariadi linanyanyuka kuelekea wingu lenye tumbo jeusi nawaza kwamba shamba na mbingu havijawahi kutengana kama tunavyodhani.

Radi ndiyo inayosemwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Vipande vya barafu vinasuguana ndani ya wingu, chaji zinatengana, na tofauti ikizidi umeme unaruka. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa tatu. Ukihesabu 30, radi iko kilomita 10, na kwa umbali huo inayofuata inaweza kukufikia wewe kabla ya tone moja la mvua. Ingia ndani, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Wengi hupigwa wakati mvua haijaanza au inapoonekana imekwisha.

Neno "ndani" nalo lina shida yake. Nyumba ya udongo isiyo na nyaya wala mabomba hainyonyi umeme na kuupeleka ardhini, unapita popote unapotaka. Basi lenye bodi ya chuma na madirisha yaliyofungwa ni salama zaidi. Bajaji si salama, wala bodaboda. Shule ni habari ya kuumiza: Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe, mkoani Geita. Nchini Uganda, mwaka 2011, iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya katika wilaya ya Kiryandongo, na huko shirika la ACLENet limekuwa likizifungia shule vikinga radi vinavyoteremsha umeme hadi ardhini kwa waya. Kamati ya shule inayochangisha fedha za bati kwa darasa jipya iongeze na fungu la kikinga radi kwenye hesabu hiyo hiyo.

Wafugaji wanajua radi moja inaweza kumaliza ng'ombe wengi waliojikusanya chini ya mti. Umeme ukiupiga mti unatawanyika ardhini, ukipungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe ana kwato za mbele mahali pamoja na za nyuma mahali pengine, zaidi ya mita moja kati yake. Tofauti ya nguvu kati ya kwato hizo inausukuma umeme upande mguu mmoja, upite kifuani, ushuke mwingine. Huko Norway, Agosti 2016, kulungu wa barafu 323 walikufa kwa dhoruba moja wakiwa wamesongamana. Mchungaji aliyekamatwa mbugani awaache ng'ombe, ajitenge na mti, na abane miguu yake pamoja. Kukaa hivyo si usalama kamili, ila kunapunguza njia ya umeme.

Kinyume na wengi wanavyoamini, kioo hakivuti radi. Nguo nyekundu haivuti radi. Simu iliyo mfukoni haivuti radi, ila iliyochomekwa kwenye chaji ukutani inaweza kukuletea umeme uliopitia waya. Aliyepigwa hana umeme uliobaki mwilini, unaweza kumshika mara moja, na kama hapumui umkandamize kifua katikati mara 100 hadi 120 kwa dakika. Marekani, kati ya watu kumi wanaopigwa, tisa hunusurika. Wapo wanaopotea huku kwa sababu tu kila mtu aliogopa kuwagusa.

Na radi haitumwi. Nalisema kwa uzito, kwa kuwa Usukumani dhana ya radi ya kutumwa imegharimu maisha mengine, ya watu ambao dhoruba haikuwagusa. Vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu yakihesabiwa ushahidi, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa kuni na vinyesi vya ng'ombe walivyopikia miaka 50. Kila anayeweza kumweleza jirani yake jinsi vipande vya barafu vinavyosuguana, anamwondolea bibi wa watu mzigo wa kesi asiyoijua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku, na hatari ikikaribia hutangaza kwa ngazi: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Rada yake ya Mwanza inalitazama ziwa na nchi inayolizunguka. Tangazo la redio la saa mbili usiku linasema "mikoa ya Kanda ya Ziwa", nawe uko Nkololo au Mwandoya na huwezi kujua kama wingu litapita juu ya paa lako. Hapo macho yako ndiyo yanayomalizia utabiri: wingu liko kiya au ng'weli, kichwa kimetandaa au bado kinavimba, ngurumo ni sekunde ngapi.

Saa kumi na moja mvua imepita. Uani kuna matawi ya mwarobaini, kuku wanatikisa mabawa, na upande wa magharibi anga limeanza kupiga mwanga bila sauti, mbali sana usiweze kusikia. Umri wa mwezi unaujua, ni giza, na Lamadi taa za dagaa zinajazwa chaji. Mpigie simu mdogo wako sasa, kabla hajasukuma mtumbwi.